Kutoka Lugalo hadi Kalenga: mwongozo wa kuifurahia historia kwa mchezo, kitabu na siku ya kumbukumbu

Ukipanda daladala ya Tegeta kutoka Mwenge, haupiti muda utamsikia konda akiita, "Lugalo! Lugalo kuna mtu?" Abiria wanashuka, wengine wanakwenda hospitali ya jeshi, wengine wana shughuli zao kambini, gari linaondoka. Jina hilo limetoka mbali. Lugalo ni mahali karibu na Iringa, na tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mtwa (mtawala) Mkwawa walivizia hapo msafara wa jeshi la Wajerumani wakauvunja kwa dakika chache.

Nimeanza na kituo cha daladala kwa sababu watu wengi huniambia historia haiwaingii. Nikiwauliza walisomaje, jibu ni lile lile: orodha ya tarehe ubaoni, mtihani, basi. Tarehe peke yake haina utamu wowote. Utamu unakuja ukiwa na swali linalokunyima usingizi, ukalifuata kwanza mezani kwa mchezo, halafu kitabuni, halafu ukasimama mahali penyewe siku yenyewe. Nitakuonyesha nifanyavyo mimi, kwa kutumia vita ya Mkwawa. Kazi yote inachukua kama wiki sita, kuanzia Sabasaba mpaka tarehe 17 Agosti, na gharama yake kubwa ni nauli.

Hatua ya kwanza: tukio moja, swali moja

Usianze na "historia ya Tanzania". Hilo ni bahari, utazama. Chukua tukio moja lenye mwanzo na mwisho unaoonekana, kisha tafuta ndani yake jambo moja lisiloeleweka kirahisi.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la kikoloni, alipanda kuelekea Uhehe mwaka 1891 akiwa na askari takribani 320, wengi wao Wasudani na watu waliochukuliwa Msumbiji, pamoja na wapagazi na mizinga. Watu walimpa jina la Nyundo. Wahehe kama 3,000 wakamngoja Lugalo, wengi wao wakiwa na mikuki. Zelewski akauawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, na bunduki zao zikaangukia mikononi mwa Wahehe. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, Wajerumani walirudi wakaishambulia Kalenga, makao makuu ya Mkwawa yaliyozungushiwa ukuta, wakaiteka. Mkwawa akaponyoka akapigana msituni miaka karibu minne. Kichwa chake kiliwekewa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona amezingirwa, akajipiga risasi.

Swali langu ni hili: mtu aliyeshinda porini mwaka 1891, kwa nini mwaka 1894 alimngoja adui nyuma ya ukuta?

Liandike swali lako ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa. Kila utakachosoma, utakachocheza na utakachosikia kitapimwa kwa hilo. Swali zuri huanza na "kwa nini" au "ilikuwaje". Swali la "lini" hulijibu kalenda, na kalenda haikuachii cha kutafuta.

Hatua ya pili: cheza kabla ya kusoma

Wengi hufanya kinyume, wanasoma kwanza ndipo wacheze. Mimi nasema cheza ukiwa hujui. Ukishindwa mezani utakifungua kitabu kwa hasira, na hiyo hasira ndiyo itakayokufikisha ukurasa wa mwisho.

Huhitaji kompyuta. Mchezo wa Lugalo unatengenezwa nyumbani kwa jioni moja. Tafuta karatasi ya manila, kalamu, vifuniko 12 vya soda, maharage 10 na dadu moja.

Chora njia nyembamba ya visanduku 24 vilivyofuatana, ukivipa namba. Kuanzia kisanduku cha 9 hadi cha 18 paka kijani pande zote mbili: hapo ni pori zito. Vifuniko ni msafara wa Mjerumani. Nane ni askari, viwili ni mizinga, kimoja ni wapagazi na kimoja ni kamanda. Viwekee alama kwa kalamu. Wanakwenda mstari mmoja, kifuniko kimoja kwa kila kisanduku, kwa mpangilio anaoutaka mwenye msafara. Kichwa cha msafara kinaanzia kisanduku cha 1, wengine wanaingia njiani nyuma yake kadiri nafasi inavyopatikana. Kila zamu mwenye msafara anasogeza wote hatua moja, mbili au tatu. Kichwa lazima kifike kisanduku cha 24 ndani ya zamu 10, la sivyo chakula kimewaishia na ameshindwa.

Anayecheza Wahehe haweki maharage mezani. Anachukua kikaratasi na kuandika kwa siri harage lipi limejificha wapi, kwa mfano "12 kulia", "13 kushoto". Ni pande za pori zito tu, na harage moja kwa kila upande wa kisanduku. Akishaandika haruhusiwi kubadilisha.

Mara moja tu katika mchezo, Mhehe anaweza kupaza sauti "Sasa!" Maharage yote yanatoka kwa pamoja. Kila harage lililo kando ya kifuniko linakiondoa. Kisha, kabla Mjerumani hajajibu, kila harage linasogea kisanduku kimoja na kupiga tena. Baada ya hapo ndipo askari waliobaki wanafyatua, kila mmoja akiondoa harage moja. Mizinga iko juu ya punda, kuishusha kunachukua zamu mbili. Ikishakuwa tayari, kila mzinga unaondoa maharage matatu kwa zamu. Mhehe anashinda akimpata kamanda na mizinga yote miwili. Mjerumani anashinda akivusha vifuniko sita nje ya kijani.

Bado kanuni mbili, na ndizo zenye uhondo. Ya kwanza ni upelelezi: Mjerumani anaweza kusimama zamu nzima na kuuliza kama visanduku viwili vilivyo mbele ya kichwa vina mtu. Mhehe lazima aseme kweli. Lakini zamu imekwenda, na zamu ni 10 tu. Ya pili naiita risasi ya ndege. Masimulizi ya vita ile yanataja ofisa mmoja Mjerumani aliyefyatua risasi akilenga ndege, na Wahehe wakaichukua kuwa ndiyo ishara. Kwa hiyo kila zamu, msafara ukishaingia kwenye kijani, Mjerumani anarusha dadu. Ikitoka sita, maharage yanatoka papo hapo, Mhehe awe tayari asiwe tayari.

Mara ya kwanza nilicheza na mpwa wangu wa darasa la saba. Alitaka kuwa Mjerumani kwa sababu ya mizinga. Akaipanga karibu na mkia, eti isiharibike, akasogea tatu, tatu, tatu, akifurahi kwamba zamu zitambakia. Hakusimama kupeleleza hata mara moja. Kichwa kilipofika 19, kamanda na mizinga vyote vikawa ndani ya kijani. Nikasema "Sasa!" nikaanza kusoma kikaratasi changu namba moja moja, naye akiondoa vifuniko kwa mkono wake. Alipobakiwa na vitatu akanyamaza, akaitazama karatasi muda mrefu. Halafu akauliza, "Mjomba, yeye mwenyewe kweli hakutuma watu mbele?"

Hapo ndipo nilipomletea kitabu. Akakipokea kwa mikono miwili.

Chezeni angalau mara tatu, mkibadilishana pande. Baada ya kila mchezo andika mistari miwili daftarini: nini kiliamua matokeo, na nini ulitamani ungekijua mapema. Siku nyingine chora Kalenga, ukuta wa mraba wenye maharage ndani, mpe Mjerumani mizinga iliyoshushwa tayari na muda wa kutosha. Utaona maharage yanavyokwisha. Mkiwa mezani, swali la ukuta linaanza kuuma kweli kweli.

Kama una kompyuta

Magemu ya mkakati yana faida yake, hasa kwa kukuzoesha kuwaza kwa ramani: nani ana bandari, nani ana njia ya biashara, nani jirani wa nani. Katika Europa Universalis IV unaanza tarehe 11 Novemba 1444 na unaweza kuichukua Kilwa, ukahangaika na dhahabu ya Sofala na baadaye na merikebu za Wareno. Nilipocheza Kilwa ndipo nilipofahamu kwa nini Wareno waliofika mwaka 1505 waliikimbilia haraka hivyo. Kipindi cha Mkwawa kimo ndani ya Victoria 3, inayokwenda kuanzia 1836 hadi 1936.

Lakini cheza macho yakiwa wazi. Katika Civilization VI, ukiwa na urafiki mkubwa na Zanzibar unapata karafuu na mdalasini, hata kama kwenye gemu bado ni enzi za kale. Karafuu zilistawi Unguja katika karne ya 19, chini ya utawala wa Kiomani, na zilipandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa. Gemu linakupa karafuu, jasho halikuonyeshi. Vilevile magemu haya hupenda kuonyesha nchi zetu za bara kama eneo wazi linalosubiri mtu wa kulipaka rangi yake. Ukiona hivyo usiliache gemu. Andika daftarini: "Hapa gemu limeficha nini?" Kwangu orodha hiyo imekuwa na maana kuliko ushindi wowote nilioupata kwenye skrini.

Hatua ya tatu: soma kutoka pande mbili

Sasa fungua vitabu. Kanuni yangu ni kutosoma upande mmoja pekee, kwa sababu taarifa nyingi za vita hii ziliandikwa na Wajerumani, walioshindwa Lugalo na kushinda Kalenga, na kila mmoja wao alikuwa na la kujitetea.

Anza na cha Kiswahili. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, kuhusu vita ya pwani ya 1888 na 1889, ile ya Abushiri. Utauliza pwani inahusianaje na Iringa. Inahusiana kwa mtu: Zelewski huyo huyo ndiye aliyekuwa ofisa wa kampuni ya Wajerumani Pangani mwezi Agosti 1888, na ubabe wake pale ulikuwa mmoja wa vyanzo vya vita. Ukishajua hivyo, mtu aliyeingia pori la Lugalo bila tahadhari haonekani tena kama jina geni. Usome utenzi kwa sauti, ikiwezekana na mwenzako, beti kumi kumi. Tungo za namna hii zilitungwa zisikike.

Kisha nenda kwa wanahistoria. John Iliffe ana kitabu kikubwa cha historia ya Tanganyika kilichotoka 1979. Usikisome chote, fungua faharasa, tafuta Wahehe, soma kurasa hizo tu. Alison Redmayne aliandika mwaka 1968 makala kuhusu Mkwawa na vita vya Wahehe, na hiyo ndiyo ningekushauri usiikose. Zote mbili ni za Kiingereza. Kama lugha inakupa shida, someni wawili, mmoja akisoma na mwingine akieleza kwa Kiswahili. Mambo hukaa kichwani zaidi kwa njia hiyo. Maktaba za vyuo vikuu na maktaba kuu ya taifa Dar es Salaam ndizo za kuanzia.

Katika daftari gawa ukurasa mara mbili. Kushoto andika mwandishi anasema nini. Kulia andika alijuaje: alikuwepo, aliambiwa, au alisoma kwa mwingine? Upande wa kulia ukibaki mtupu mara nyingi, punguza imani kwa mwandishi huyo.

Na lile swali la ukuta? Nitakupa ninavyoona mimi, nawe utanipinga ukisoma. Kabla ya Wajerumani, maadui wakubwa wa Wahehe walikuwa Wangoni na Wasangu. Dhidi ya watu wasio na mizinga, ukuta ni akili kubwa: unalinda watu, mifugo, chakula na baruti. Mkwawa alijenga kwa kipimo cha vita alivyovijua. Tena mtawala mwenye makao makuu hawezi kuyaacha hivi hivi. Akikimbia Kalenga bila kupigana, wakuu wengine wangemwonaje? Januari 1893 kule Tabora, Isike wa Unyanyembe naye alikuwa ndani ya boma lake Wajerumani walipoliingia, akajilipua kwa baruti asishikwe. Kwa hiyo silioni kama kosa la mtu mmoja. Namna nzima ya kulinda nchi ilikutana na mzinga.

Hatua ya nne: ipe kila siku ya kumbukumbu kazi yake

Mwezi wa Julai umejaa siku zinazokusubiri, na wengi wetu tunazitumia kulala.

Tarehe 7, Sabasaba. Ukirudi kutoka maonyesho, kumbuka asili ya siku hii: TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka huo huo fuvu la Mkwawa lilirudishwa Uhehe kutoka Ujerumani. Ziandike habari hizo mbili kwenye ukurasa mmoja uzitazame pamoja. Hapo ndipo ninapoanzia wiki zangu sita.

Tarehe 19, siku aliyokufa Mkwawa. Hii haiko kwenye sikukuu za taifa, kwa hiyo ifanye yako. Jioni hiyo soma kwa sauti kurasa za mwisho wa maisha yake mbele ya watu wa nyumbani. Nusu saa inatosha.

Tarehe 25, Siku ya Mashujaa. Itazame sherehe kwenye televisheni, au fika uwanjani. Usiangalie nani kavaa nini. Angalia vitu vinavyowekwa mnarani. Kiongozi mkuu anaweka mkuki na ngao. Wengine wanafuata na sime, upinde na mishale, shoka, mashada ya maua. Ukiwa umetoka kucheza na kusoma Lugalo, mkuki ule hutauona tena kama pambo. Mwaka wa kwanza nilipoutazama hivyo nilisimama kwenye kochi bila kujua.

Wanao wakiwepo, wape kila mmoja kitu kimoja cha kufuatilia: wewe upinde, wewe shoka, wewe wimbo. Baada ya sherehe kila mtu aeleze chake. Desemba 9, Januari 12 na Aprili 26 zifanye vivyo hivyo, kila moja na swali lake.

Hatua ya tano: nenda, na usalimie kwanza

Kutoka Iringa mjini, Kalenga si mbali. Pale kuna makumbusho ya Mkwawa na fuvu lenyewe. Kabla ya kwenda, jua safari ya fuvu hilo: baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Ilichukua miaka 35. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifuata kwenye makumbusho ya Bremen, na aliyelipokea ni mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baada ya uhuru alikuja kuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Mkataba uliomaliza vita vya dunia nzima ulikuwa na kifungu kinachomtaja mtu wa Kalenga. Mimi hilo halijanitoka hadi leo.

Kijijini usianze na simu ya kurekodi. Anza na salamu. Ukijua "kamwene" itakufungulia mlango kabla ya Kiswahili chako. Shikamoo kwa wakubwa, keti ukikaribishwa, jieleze umetoka wapi na kwa nini umekuja. Usiulize "naomba unielezee historia ya Mkwawa", utapewa ile ile ya vitabuni. Uliza vitu vidogo: ukuta ulipita wapi, jiwe hili lilitoka wapi, jina la kile kilima maana yake nini. Wenyeji watakueleza jina la Tosamaganga, kilima ambacho husimuliwa kuwa mizinga ya Wajerumani ilipigwa kutoka huko, na jinsi linavyohusishwa na kurusha mawe. Omba ruhusa ndipo urekodi, na mzee akisema hapana, hapana ni hapana. Andika jina lake, tarehe na mahali kwenye daftari lako, ili naye awe na upande wake wa kulia.

Lugalo yenyewe iko kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Kuna mnara uliojengwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Usisome maandishi tu ukaondoka. Geuka uupe mgongo, utazame ardhi: wapi mtu angejificha, wapi punda asingepita, sauti ya risasi ingefika wapi. Chukua manila yako ukalinganishe.

Kama uko kwingine

Njia ni ile ile, badilisha tukio. Songea wana tarehe 27 Februari, siku waliponyongwa viongozi wa Wangoni mwaka 1906 katika vita ya Majimaji, na kuna Makumbusho ya Majimaji pale pale. Soma na tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Kenya, Koitalel arap Samoei aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905, na kesho yake kwenye kalenda ni Sikukuu ya Mashujaa, iliyowekwa siku waliyokamatwa Kenyatta na wenzake mwaka 1952. Siku mbili mfululizo, vizazi viwili. Ukiwa ughaibuni, Bremen au kwingineko, nenda makumbusho ya huko uwaulize vitu vyao vimefikaje.

Tarehe 17 Agosti: rudini mezani

Siku ya mwisho tandaza manila ile ile, chezeni tena. Mwaka jana mpwa wangu alichukua tena msafara. Akaweka mizinga katikati, kamanda karibu na kichwa, na alipofika ukingo wa kijani akasimama. Akapeleleza: hakuna mtu. Akasogea moja, akasimama tena: hakuna mtu. Zamu zikawa zinakwisha naye hatoki jasho. Nilikuwa nimeyabana maharage yote kuanzia 14 hadi 18, nikimngoja. Akanitazama usoni, akarusha dadu.

Ikatoka sita.